Mbwa Aliyefunga Pamoja Nasi

Mimi si mtu wa mbwa. Niliseme hilo mapema, asije mtu akanisifu bure. Nimelelewa katika nyumba ambamo mbwa alikuwa kitu cha mlangoni: jioni unamtupia mabaki ya bukari, yaani ugali wetu, asubuhi unamfukuza kwa ufagio, basi. Kama leo nikimwona mbwa amefungwa juani ninasimama njiani kama kichaa na kupiga hodi kwa watu nisiowajua, hiyo si huruma ya kuzaliwa nayo. Nilifundishwa, na namna nilivyofundishwa inanitia haya mpaka leo.

Mwalimu wangu alikuwa jirani yetu wa Likasi, mjane mmoja mshonaji. Cherehani yake ilikaa barazani, na kati ya baraza yake na yangu palikuwa na ukuta mfupi tu, wa kufika kiunoni. Alinizidi miaka kumi na tano hivi, nikamwita yaya, dada mkubwa, naye akaniita mudogo wake. Mbwa alikuwa wa kwake. Alikuwa na jina zuri la lugha ya kwao, lakini nimeamua humu nisimtaje mtu yeyote, na mbwa naye nimemhesabu humo.

Mama yake mbwa huyo alikuwa mbwa wa kawaida wa mitaa yetu, mwembamba, mwenye adabu za wizi. Baba yake, inasemekana, alikuwa dume la mzungu mmoja wa zamani wa kampuni ya shaba, lenye manyoya mazito kama blanketi. Basi mtoto akarithi blanketi. Blanketi, mwezi wa kumi, Likasi! Mvua haijaanza, porini kote kumechomwa moto, hewa imejaa majivu, na upepo ukitoka upande wa kiwanda unakuachia ladha ya asidi kooni. Uani kwetu tulikuwa tumemwaga vile vipande vyeusi vya taka ya tanuru, kama walivyofanya nusu ya mji, ili wakati wa mvua tusikanyage tope. Saa sita mchana vipande vile vinachoma hata kupitia ndala.

Siku moja nilimwonea huruma ya kijinga. "Yaya," nikamwambia, "uko na mukasi. Umukate manyoya."

Yaya alicheka mpaka akaegemea cherehani. "Mudogo wangu, ile manyoya inamukinga na jua. Weye ukitembea mu jua, unavulaka nguo, unabaki uchi?"

Akaruka ule ukuta na umri wake wote, akanishika mkono kama mtoto wa shule, akanivusha kwake, akanionyesha. Chini ya mti wa avoka alikuwa amemchimbia mbwa shimo lenye kina cha mkono, kwa sababu udongo wa chini una baridi yake hata mwezi wa kumi. Humo alitandika gunia la posho, lile la unga tuliokuwa tunapewa na kampuni, akalilowesha asubuhi na mchana. Maji ya kunywa aliyaweka katika sufuria mbili, moja hapa, nyingine kule, kwa sababu kivuli huhama na mbwa akiumwa hawezi kwenda mbali. Kabla ya kutembea naye aliweka kwanza mgongo wa kiganja chake chini. "Kama mukono yako haiwezi, miguu yake haiwezi." Na mbwa akizidiwa na joto, usimmwagie ndoo nzima kichwani kama unazima moto. Unaanza na miguu, unapanda tumboni na kwapani, unampepea, unampa maji kidogo kidogo. "Kichwa ya mwisho," alisema.

Nilimwitikia tu. Moyoni nikasema, huyu mwanamke hana mtoto wa kulea, ndiyo sababu.

Halafu ukaja mwaka ule ambao majirani wenye asili ya mkoa mwingine waliambiwa kwamba hapa si kwao. Siasa yake siiwezi. Walioieleza ni wengi na kila mmoja ana mkosaji wake. Ninajua nilichokiona juu ya ukuta mfupi. Yaya alizaliwa Likasi, akaolewa Likasi, akamzika mumewe Likasi, na sasa alikuwa anafunga cherehani kwa kamba juu ya mkokoteni ili aende stesheni kusubiri treni ya kumpeleka kwao, mahali ambapo hajawahi kulala hata siku moja.

Akampitisha mbwa juu ya ukuta, akaniwekea mikononi. Alikuwa mzito, yule mbwa.

"Mudogo wangu, mu train imbwa haingie. Unichungie yeye."

"Nitamuchunga, yaya."

"Mayi ya kunywa."

"Nitamupa."

"Kila siku."

"Kila siku, yaya, vraiment, kweli kabisa."

Hakulia. Mimi ndiye niliyelia, na mbwa akanilamba shingo nikamsukuma, kwa sababu kama nilivyosema, mimi si mtu wa mbwa.

Treni iliyosemwa itakuja kesho haikuja kesho. Watu walikaa stesheni wiki baada ya wiki, maelfu, chini ya shuka na vipande vya hema, juu ya saruji na reli. Nilikwenda mara mbili, na sombe, kisamvu chetu, na bukari. Kisha mtaani wakaanza kuangalia nani anaelekea stesheni na nani haelekei. Mwanamume mmoja wa mtaa wetu akaniuliza, kwa kucheka, "Mama, na weye unangojea train?" Sikurudi tena. Niliogopa, hakuna jina lingine la kitu kile. Nikajiambia, angalau ninamtunza mbwa wake.

Na kweli nilimtunza. Chini ya avoka wetu nilimchimbia shimo kama la yaya, na gunia lake nikalilowesha. Maji yalikuwa yamekatika mabombani mtaa mzima, nikawa naamka alfajiri kwenda kisimani na madumu, mawili kila safari, na katika hayo nilimkatia mbwa fungu lake kabla ya kufua. Mume wangu alinung'unika. "Mama, hii imbwa inakunywa kunipita minye." Lakini nilimkuta zaidi ya mara moja amechuchumaa kando ya lile shimo, anamkuna masikio na kumweleza mambo ya kazini.

Mambo ya kazini hayakuwa mazuri. Mume wangu alikuwa fundi kwenye kiwanda, na kwa miezi kadhaa kampuni haikuwa imelipa. Posho nayo ikapungua, mwisho ikakoma. Alikuwa anakwenda kazini kila asubuhi na sanduku lake tupu la chakula, kwa sababu aibu ya kubaki nyumbani ilikuwa kubwa kuliko ya kufanya kazi bure. Sisi tulikuwa Wakatoliki wa kawaida, wa misa ya Jumapili na ngoma ya Pasaka. Njaa ilipokaza tukajiunga na chumba cha maombi cha mtaani, kwa pastere mmoja kijana mwenye sauti kubwa. Simcheki. Katika mwezi ule hapakuwa na mtu mwingine aliyetuambia kwamba kesho inaweza kuwa nzuri.

Pastere akatangaza mfungo. Siku tatu kavu, Ijumaa mpaka Jumapili jioni, bila chakula, bila tone la maji, ili mishahara ifunguliwe. Watoto wangefunga mpaka alasiri tu. Akatukumbusha habari ya mji wa Ninawi, jinsi mfalme alivyoamuru wote wafunge, na wanyama pia.

"Bantu na banyama!" akapiga meza. "Kila kitu yenye iko na pumuzi mu lupango yako! Kama kuku yako inakula, mufungo yako iko na tundu!"

Njiani kurudi nyumbani, mwanamke aliyefuga kuku akaninong'oneza kwamba atawapeleka kwa dada yake kule Kamatanda mpaka Jumatatu, ili wale kwa amani. Tulicheka. Lakini mume wangu hakucheka. Alikuwa ananiangalia, na nilijua anawaza nini.

"Mama," akasema, "tusitoboe mufungo juu ya imbwa."

Hapa ndipo ninapoona haya. Sikubisha. Hata kidogo. Nilifikiri juu ya unga uliobaki chini ya pipa, juu ya viatu vya binti yetu, nikajiambia siku tatu ni nini. Alfajiri ya Ijumaa nilichukua sufuria zote mbili za mbwa, nikazimwaga kwa mikono yangu mwenyewe kwenye mizizi ya avoka. Yeye alifikiri ninambadilishia maji, akatikisa mkia akingoja.

Kutoka kwenye shimo lake aliweza kufikia mfereji wa maji machafu ya jirani wa nyuma. Kwa hiyo mume wangu akamhamishia kwenye nguzo ya kamba ya nguo, karibu na ukuta wa nyuma, akamfunga kwa mnyororo. Pale palikuwa na kivuli mpaka saa nne. Baada ya saa nne palikuwa na vipande vyeusi vya tanuru na jua.

Ijumaa ilipita. Mume alikwenda kazini, binti yetu wa miaka minane akaenda shuleni, mimi nikabaki ndani nikiomba na kusikia mnyororo. Kwanza ulikuwa unalia haraka haraka, mbwa akifuata kivuli kikimkimbia. Alasiri ulinyamaza. Nikamshukuru Mungu kwamba ametulia. Mjinga mimi! Jioni kulipopoa akainuka, nikasema, unaona, anavumilia.

Jumamosi mume wangu hakuwa na zamu, tukaomba sote sebuleni. Nyumba nzima ilikuwa na maji dumu moja tu, lita ishirini. Pastere alikuwa ameliombea, tukalifunika kitambaa cheupe, ndilo la kufungulia mfungo Jumapili jioni. Sikuwahi kuona dumu likiangaliwa namna ile. Ulimi wangu ulikuwa umekwama kwenye meno. Saa saba hivi binti yetu, aliyekuwa amekaa karibu na dirisha la nyuma, akasema:

"Mama, imbwa inalewa."

Nikaenda kuangalia. Mbwa alikuwa amesimama miguu minne imetanuka, kichwa chini, anayumba kweli kama mlevi. Ulimi umetoka wote, umekuwa na rangi ya nyanya iliyooza, na mate yake yalikuwa mazito, yananing'inia bila kudondoka. Alikuwa ananyanyua mguu mmoja, kisha mwingine, kisha mwingine, kwa sababu ardhi ilikuwa inamchoma na hapakuwa na pa kukanyaga. Kisha akaacha kunyanyua. Akalala ubavu palepale juu ya yale mawe, kama mtu aliyesema potelea mbali.

Sijui niliamua saa ngapi. Nakumbuka nilikuwa nimeshashika dumu, kitambaa cheupe kimeanguka, na mume wangu nyuma yangu anasema, "Mama, hapana. Mama! Ile ni mayi ya maombi!"

Nikafungua mnyororo. Nikamburuta mbwa mpaka chini ya avoka, nikamlaza ndani ya shimo lake, na udongo ulikuwa bado na ubaridi wake, yaya hakukosea. Nikaanza na miguu. Nyayo zilikuwa zimebabuka, ngozi inatoka kama ya kiazi kilichochemshwa. Nikalowesha kanga yangu, tumboni, kwapani, kwenye mapaja, tena na tena. Yale maji yalikuwa yananukia, jamani, sikujua kabla ya siku ile kwamba maji yana harufu. Sikuyanywa. Nasema hili si kwa sifa. Sikukumbuka tu kwamba na mimi nina kinywa.

Mume wangu akaja akasimama juu yangu. "Mufungo inaisha kesho," akasema.

"Kesho imbwa itakuwa ya kufa."

"Na mushahara?"

Hapo hasira ikanipanda mpaka kwenye nywele. "Hii imbwa inatumika kazi ku kampani? Eh? Ni yeye anakatala kulipa? Ni yeye aliiba shaba? Niambie, minye sijue! Nilisema kwa yaya kila siku. Kila siku! Nikamwaga mayi yake na hii mikono!"

Nikalia, lakini bila machozi, hayakuwepo. Mume wangu akachukua kipande cha katoni kilichokuwa kinafunika mkaa, akapiga magoti upande wa pili wa shimo, akaanza kumpepea mbwa. Akapepea muda mrefu bila kuniangalia.

"Minye nilikunywa jana," akasema.

"Nini?"

"Ku kazi. Ku robine. Nilifungua nikunawe uso, nikakunywa." Akapepea. "Sana."

Sauti ndogo ikatoka nyuma yetu. "Na minye, mama. Jana asubuhi, ku masomo."

Nikawatazama wote wawili. Sauti ya kicheko ilinitoka, ikiwa kavu kama gome. Ndiyo kusema katika lupango letu lote, nyumba na ua, tuliokuwa tumeufunga mfungo ule bila tundu tulikuwa wawili, mimi na mbwa, na mmoja wetu hakuulizwa.

Baadaye mbwa alinyanyua kichwa. Nilimdondoshea maji kwenye ulimi kwa kiganja, kidogo, nikangoja, kidogo tena. Alasiri ilipopoa alitikisa mkia mara moja. Mume wangu akaenda nyuma ya nyumba, akakaa huko muda, na aliporudi macho yake yalikuwa mekundu akasema ni vumbi.

"Tutasema nini kwa pastere?" akaniuliza.

"Umwambie imbwa ilifungua mbele yetu."

Lakini mimi niliendelea. Ndivyo nilivyo, nikianza kitu ninang'ang'ana hata kikiwa cha upuuzi. Nilikuwa nimevunja mfungo wa mbwa, wangu nikauacha. Labda nilikuwa najiadhibu. Nilikaa kando ya shimo, midomo imepasuka, na wazo likanijia ambalo nilikuwa nimelikimbia majuma yote yale: stesheni hakuna avoka. Ile ni saruji na reli. Yaya yuko juu yake mchana kutwa, na wala hakutangaza mfungo wowote.

Alfajiri ya Jumapili nilimwamsha mume wangu. Hakuuliza tunakwenda wapi. Tulichukua baiskeli, tukafunga lile dumu la maombi lililobaki nusu, na la pili tulilolijaza kisimani njiani baada ya foleni ndefu. Mbwa tulimbeba kwenye karai juu ya kiti cha nyuma, kwa sababu ya nyayo zake. Tulipita katikati ya barabara, mchana kweupe, mbele ya yule mwanamume wa "unangojea train", naye hakusema kitu, au alisema nami sikusikia.

Stesheni ilikuwa na harufu ya moshi na kinyesi. Tulimtafuta kitambo. Alikuwa amekaa kwenye kivuli cha cherehani yake, kivuli cha kutosha kichwa tu, na mtoto mchanga wa mtu mwingine amelala juu ya miguu yake. Alikuwa amekonda. Alitutambua kwa mbwa, si kwa nyuso zetu, maana mbwa alianza kulia ndani ya karai kabla hata ya kufika.

Akamkumbatia. Kisha akamgeuza, akaangalia nyayo zake, moja moja, zote nne. Akaweka mgongo wa kiganja chake chini, kwenye saruji, kama alivyonifundisha, akaniangalia.

"Yaya," nikasema, "nilimwaga mayi yake. Siku mbili. Juu ya mufungo. Unisamehe."

Yaya akamwambia mume wangu afungue dumu. Akakinga kiganja, akampa mbwa kwanza, mara tatu, akingoja kati ya mara na mara. Kisha akamimina kwenye kikombe cha bati, na nikafikiri, sasa atakunywa, kwa sababu midomo yake ilikuwa imekatika mpaka damu. Akakileta kwenye mdomo wangu.

"Kunywa," akasema. "Kidogo kidogo, mudogo wangu. Usikimbie."

Akanishikia kikombe kama mtu anayenywesha mgonjwa. Nikanywa. Alijaza tena akampa mume wangu, ambaye alikataa, naye akasimama na kikombe mbele yake mpaka akapokea. Akamlowesha yule mtoto mchanga miguu, kisha tumbo. Akawaita waliokuwa karibu na vyombo vyao, na dumu likazunguka.

Yeye alikunywa wa mwisho.